Amino asidi ileile kwa viumbe wasio ndugu: urithi, bahati au mageuko?

Barua nyingi za safari hii zimezunguka jambo moja: viumbe walioachana ukoo zamani sana, lakini protini zao zimebadilika kwa namna ileile, kila mmoja kivyake. Hayo ndiyo mageuko ya kukutana. Majibu yametolewa na jopo letu la baiolojia ya molekuli. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Ndugu mhariri, nafundisha baiolojia sekondari. Mabawa ya popo na ya ndege nayaeleza bila shida. Wanafunzi wakiniuliza protini nazo hukutana vipi, sina mfano wa kuwashikisha. Naomba mmoja unaoeleweka. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, anza na sumu ya mishale. Miti ya jenasi *Acokanthera*, msunguti, imewapa wawindaji wa Afrika Mashariki sumu kwa vizazi vingi, na kiini chake ni kemikali iitwayo uabaini. Uabaini hunasa kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu, protini iliyo katika utando wa seli za wanyama. Kwa kila molekuli moja ya ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli), pampu hiyo hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2. Ikizibwa, moyo hupoteza mapigo yake na neva hushindwa kazi. Aliyeigundua pampu hiyo ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, na akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997.

Mwaka 1988 Price na Lingrel walilinganisha pampu ya kondoo, inayozimwa na dozi ndogo, na ya panya, inayohimili dozi kubwa zaidi kwa takriban mara elfu moja. Siri kubwa ilikuwa kwenye nafasi 2 tu, ya 111 na ya 122, ambazo ni ncha mbili za kitanzi kifupi kinachotokeza nje ya seli. Kondoo ana glutamini (Q) na asparajini (N). Panya ana arjinini (R) na asidi aspatiki (D). Walipoziweka R na D kwenye pampu ya kondoo, ikawa sugu.

Mwaka 1992 watafiti wakaikuta histidini (H) kwenye nafasi hiyohiyo ya 122 kwa kipepeo *Danaus plexippus*, ambaye viwavi wake hula mimea ya *Asclepias* yenye sumu za jamii moja na uabaini. Baadaye H hiyo ikapatikana pia kwa mbawakawa wa jenasi *Chrysochus*, nao walaji wa mimea ya aina hiyo. Vipepeo na mbawakawa waliachana ukoo takriban miaka milioni 300 iliyopita, na wadudu wengi wa pande zote mbili wasiogusa sumu hiyo bado wana N. Kwa hiyo hawakurithi H kwa babu mmoja.

Ubaoni, chora mti wa nasaba wenye matawi manne, uandike herufi ya amino asidi kwenye kila ncha na kwenye kila mgawanyiko. Wanafunzi waone tofauti mbili. Matawi mawili yakitoka N yote na kufika H yote, hayo ni mageuko sambamba. Moja likitoka N na jingine likitoka S (serini), yote yakafika H, hayo ni kukutana kwa maana finyu. Wengi huyaweka yote chini ya jina moja, na si kosa mradi useme umehesabu lipi.

SWALI: Shikamooni walimu. Protini hii ina amino asidi zaidi ya elfu moja. Kwa nini viumbe tofauti wabadilishe zilezile mbili? Si ajabu sana? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbeya)

JIBU: Marahaba, na swali lako ndilo moyo wa somo hili. Sehemu ya ajabu hiyo huisha ukifungua jedwali la kodoni, yaani herufi tatu-tatu za DNA zinazoandika kila amino asidi.

Asparajini huandikwa AAT au AAC. Badili herufi ya kwanza iwe C, unapata CAT au CAC, yaani histidini. Iwe G, unapata GAT au GAC, yaani asidi aspatiki. Mabadiliko yote mawili yaliyoonekana nafasi ya 122 yako umbali wa herufi moja. Sasa nenda 111. Glutamini ni CAA au CAG. Arjinini (CGA, CGG) ni herufi moja, na lusini (CTA, CTG) ni herufi moja. Lakini valini (V), ambayo *Danaus plexippus* anayo nafasi ya 111, ni GTA au GTG: herufi mbili. Njia nyepesi ni kupitia lusini, yaani CAA, kisha CTA, kisha GTA.

Sehemu ya pili ya jibu ni gharama. Pampu hii haina mchezo. Ukigusa pasipofaa, mnyama anakufa hata bila sumu. Mwaka 2019 Karageorgi na wenzake walitumia CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kuyapandikiza mabadiliko ya kipepeo, moja moja na kwa pamoja, kwenye inzi wa matunda *Drosophila*. Baadhi ya inzi waliopewa badiliko la 111 au la 122 peke yake walipata usugu lakini neva zikadhoofika: chupa yao ikitikiswa, wanapooza kwa muda. Serini iliyowekwa nafasi ya 119, mahali pa alanini, ikapunguza madhara hayo. Inzi waliobeba V, S na H kwenye 111, 119 na 122 walihimili sumu vizuri, na neva zao zikabaki salama.

Kwa hiyo njia za kufika kwenye usugu ni chache: ziwe karibu kwa kodoni, zizuie sumu kukaa, zisiue mwenyewe. Na hapo pana funzo la kupima ushahidi. H kwenye 122 kwa spishi mbili ni badiliko la herufi moja kila upande. Linaweza kutokea hata pasipo sumu. V kwenye 111 kwa spishi mbili lina uzito zaidi, kwa sababu kila upande umelazimika kupiga hatua mbili.

SWALI: Ndugu wataalamu, nimekusanya mifuatano ya jeni ya pampu kutoka kwa wadudu 14 wanaokula mimea yenye utomvu mweupe pamoja na jamaa zao wasioila. Watatu wana H kwenye 122. Naomba hatua za kufuata ili niandike kwenye tasnifu kwamba ni mageuko ya kukutana, nisikwame mbele ya watahini. (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

JIBU: Usianze na hiyo H. Anza na swali la kama jeni ulizopanga ni jeni ileile kwa kila spishi. Kunguni *Oncopeltus fasciatus*, kwa mfano, ana nakala zaidi ya moja za jeni hii, na nakala hizo hazifanani kwa usugu. Ukichukua nakala moja kwa spishi hii na nakala nyingine kwa spishi ile, utakuwa unalinganisha vitu viwili. Jenga kwanza mti wa jeni ukiweka kila nakala uliyoipata, ndipo uchague.

Panga mifuatano kwa amino asidi, si kwa DNA. Programu ya MAFFT kwa chaguo la L-INS-i inatosha kwa idadi yako. Kisha rudisha kwenye kodoni kwa programu ya PAL2NAL. Fungua mpangilio uutazame kwa macho kuanzia nafasi 20 kabla ya 111 hadi 20 baada ya 122. Pengo moja lililokaa vibaya ndani ya kitanzi hiki husogeza herufi, na unaweza kuripoti badiliko ambalo halipo.

Mti wa nasaba utoke kwenye jeni nyingine. Hapa ndipo tasnifu nyingi huanguka. Ukitumia mti uliojengwa kwa jeni hiihii ya pampu, kufanana kunakotokana na kukutana kutawavuta wadudu wako watatu wakae pamoja, na programu itakuambia H ilizaliwa mara moja tu. Ushahidi utakuwa umejifuta wenyewe. Tumia mti wa spishi uliochapishwa, au jenga wako kwa jeni kadhaa zisizohusiana na sumu.

Kisha kisia amino asidi za mababu kwenye kila mgawanyiko. Katika programu ya IQ-TREE, shikilia mti wako kwa `-te`, chagua modeli kwa `-m MFP`, ongeza `--ancestral`. Faili lenye kiambishi `.state` litakupa uwezekano wa kila amino asidi kwa kila babu. Sisi hatukubali babu mwenye uwezekano chini ya 0.9 kwenye nafasi inayodaiwa. Akiwa na N kwa 0.55 na H kwa 0.40, huwezi kusema H ilizaliwa mara tatu; pengine ilizaliwa mara moja na kupotea kwingine. Dawa yake si kubadilisha programu. Ongeza spishi kwenye tawi hilo, hasa jamaa wa karibu wasiokula sumu.

Sasa ndipo uhesabu. Kwa kila jozi ya matawi, hesabu mara ngapi nafasi moja imebadilika pande zote mbili ikafika amino asidi ileile, na mara ngapi imebadilika pande zote mbili ikafika amino asidi tofauti. Usiangalie 111 na 122 tu. Pita protini nzima.

Mwisho, iga, yaani tengeneza kwa kompyuta mipangilio ya kubuni isiyo na mageuko ya kukutana zaidi ya bahati. AliSim imo ndani ya IQ-TREE: ipe mti wako, modeli yako na urefu wa protini, iagize mipangilio 1,000 kwa `--num-alignments 1000`. Pitisha mipangilio hiyo kwenye hesabu ileile, hatua kwa hatua, pamoja na kukisia mababu. Kama mikutano uliyoiona inatokea pia kwenye mipangilio 200 kati ya 1,000, huna kitu. Ikitokea kwenye 3, una jambo la kuwaambia watahini.

Angalizo juu ya modeli: modeli rahisi huchukulia kwamba nafasi yoyote inaweza kupokea amino asidi yoyote. Kwenye protini halisi, nafasi nyingi hukubali mbili au tatu tu, kwa hiyo kukutana kwa bahati hutokea mara nyingi kuliko modeli inavyotabiri. Matokeo yake ni kujidanganya kwamba umepata ushindi. Tumia modeli zinazoruhusu kila nafasi iwe na mapendeleo yake, kama zile za C20 hadi C60, halafu uone kama matokeo yako bado yanasimama.

SWALI: Niliwahi kusoma kwamba popo na pomboo, kwa sababu wote husikiliza mwangwi, wamekutana kwenye jeni karibu 200. Kisha nikasoma kwamba si kweli. Nishike lipi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Shika yote mawili, kila moja mahali pake.

Mwanzo wa habari hii ni prestini, protini ya seli za nywele za nje katika sikio la ndani, iliyotambuliwa mwaka 2000. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba mti uliojengwa kwa amino asidi za prestini huwaweka pomboo pamoja na popo wanaotumia mwangwi, jambo ambalo mti wa spishi unalikataa kabisa. Mabadiliko ya kimya, yale yasiyogusa amino asidi, hayakuonyesha undugu huo. Jaribio hilo ni zuri na halina gharama. Kama kufanana kungetokana na sampuli kuchanganyika maabara, mabadiliko ya kimya nayo yangefanana. Baadaye, mwaka 2014, badiliko la asparajini kuwa threonini kwenye nafasi ya 7 lilipimwa ndani ya seli na kuhusishwa na tabia ya prestini kuitikia umeme. Kwa prestini, basi, ushahidi upo wa mfuatano na wa kazi.

Mwaka 2013 Parker na wenzake walipanua msako hadi jeni zaidi ya elfu mbili, wakaripoti dalili za kukutana kwenye karibu 200. Njia yao ilikuwa kuuliza, kwa kila nafasi, kama mti wa uongo unaowaunganisha wenye mwangwi unaifaa data kuliko mti wa kweli. Swali hilo lina maana. Ila lilikosa mzani wa kulinganisha: je, ukiwaunganisha wanyama wasiohusiana kwa lolote, utapata jeni chache kuliko hizo?

Mwaka 2015 makundi mawili, la Thomas na Hahn na la Zou na Zhang, yaliuliza hivyo. Walimweka ng'ombe, ambaye ni jamaa wa pomboo lakini hatumii mwangwi, mahali pa pomboo. Idadi ya mabadiliko yaliyokutana haikupungua. Maana yake ni kwamba mikutano ile ilikuwa kelele ya kawaida ya mageuko ya protini. Mwaka huohuo utafiti wa jenomu za mamalia wa baharini ukaona jambo la aina hiyo: kukutana kulikuwepo kwa nyangumi, walarasi (jamaa wa sili) na nguva wa Amerika, lakini kulikuwepo pia, tena kwa wingi, kwa jamaa zao wa nchi kavu.

Kwa hiyo kila utafiti wa jenomu nzima uwe na tawi la kulinganishia: ndugu wa karibu wa kila kiumbe unayemchunguza, ambaye hana sifa unayoitafuta. Halafu chora grafu, mhimili mmoja mabadiliko yaliyofika amino asidi tofauti, mwingine yaliyofika ileile, ukiweka nukta moja kwa kila jozi ya matawi kwenye mti. Nukta hufuata mstari. Jozi yako ikikaa juu sana ya mstari, hapo una la kueleza. Castoe na wenzake walifanya hivyo mwaka 2009 kwa jenomu za mitokondria za nyoka na mijusi wa familia ya Agamidae, na jozi hiyo ilijitenga waziwazi na nyingine zote. Kukutana huko kulikuwa kukubwa kiasi cha kupotosha mti wa nasaba wenyewe.

Angalia na umri pia. Matawi yaliyoachana karibuni hukutana kwa bahati mara nyingi kuliko yaliyoachana zamani, kwa sababu nafasi zao bado zinakubali amino asidi zilezile. Usilinganishe jozi ya miaka milioni 10 na jozi ya miaka milioni 300 kana kwamba ni rika moja.

SWALI: Nafanya kazi maabara. Makala zinataja Q111 na N122, mimi kwenye mfuatano wa binadamu nikihesabu naona Q iko 118. Nimekosea wapi? Pili, kwenye grafu ya usomaji wa DNA, mdudu wangu anaonyesha vilele viwili kwenye herufi moja. (Fundi sanifu wa maabara, Kilifi)

JIBU: Hujakosea. Namba 111 ni ya kondoo, tena baada ya amino asidi 5 za mwanzo kukatwa protini inapokomaa. Ukihesabu tangu methionini ya kwanza, kwa kondoo inakuwa 116. Binadamu ana amino asidi 2 zaidi karibu na mwanzo wa protini, kwa hiyo inakuwa 118, na N122 inakuwa 129. Tafuta kitanzi chenyewe badala ya namba. Kwa binadamu kinasomeka hivi:

Q A A T E E E P Q N D N

Q ya kwanza ndiyo 111, N ya mwisho ndiyo 122. Kwenye kila mpangilio weka mfuatano mmoja wa kondoo au nguruwe kama rula, na uandike kwenye ripoti namba zako zimetoka wapi.

Vilele viwili vina maelezo matatu ya kawaida: mdudu ana aleli mbili (matoleo mawili ya jeni moja), ana nakala mbili za jeni, au sampuli imechafuka. Kwanza rudia PCR (kunakili DNA maabara) kutoka kwa mdudu mwingine mmoja, si mchanganyiko wa wadudu. Vilele vikijitokeza kwa kila mdudu wa spishi hiyo, nakala mbili ndilo jibu linaloelekea zaidi. Klonisha zao la PCR na usome koloni angalau 10. Usome jeni nzima: ni herufi 3,000 hivi, na usomaji mmoja wa Sanger hukupa 700 hadi 900 zilizo safi, kwa hiyo panga vipande 5 vinavyopandana. PCR yenyewe inaweza kuunganisha nusu ya nakala moja na nusu ya nyingine ikakupa jeni isiyokuwepo. Punguza mizunguko hadi 25 au 28 na urefushe muda wa kurefusha uzi. Ukianza na RNA, chukua kichwa na kifua, ambako neva na misuli ni vingi. Acha utumbo, maana umejaa chakula na vimelea.

SWALI: Yule panya wa msituni anayejipaka sumu ya msunguti, naye amekutana na vipepeo? (Muongoza watalii, Arusha)

JIBU: Unamsema *Lophiomys imhausi*, ambaye hutafuna magome ya *Acokanthera* na kupaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Kabla ya kusema amekutana na yeyote, kumbuka kwamba panya wa kawaida, ambao hawana habari na mti huo, tayari wana R na D kwenye 111 na 122. Mnyama wa kundi hilo akionekana na R na D, dhana ya kwanza ni kwamba amerithi. Usugu uliokuwepo kabla ya sumu humruhusu mnyama kuanza tabia mpya. Haukuzaliwa kwa ajili ya tabia hiyo.

Kenge wanatoa somo la upande wa pili. Kenge wa Afrika na Asia wanahimili sumu ya vyura wa jamii ya Bufonidae, ambayo hushika pampu ileile. Wao wana lusini kwenye 111 na arjinini kwenye 120. Kenge wa Australia hawana kinga hiyo, na vyura wa miwa walipopelekwa huko mwaka 1935 kenge walikufa kwa wingi. Ukiangalia ncha za mti tu, ungeweza kudhani kinga ilizaliwa Afrika na Asia mbali mbali. Ukiwakisia mababu, inaonekana kwamba babu alikuwa nayo na wale wa Australia wameipoteza, maana walikoishi hapakuwa na vyura hao. Bila kujua mwelekeo wa badiliko, huwezi kutofautisha kupata na kupoteza.

SWALI: Nikipata dN/dS kubwa kuliko 1 kwenye matawi yangu, si inatosha? (Kampala)

JIBU: Haitoshi. dN/dS ni uwiano wa kasi ya mabadiliko yanayogusa amino asidi na ya mabadiliko ya kimya. Jaribio la matawi na nafasi kwenye programu ya codeml, ambapo tofauti ya likelihudi (kipimo cha jinsi modeli inavyoifaa data) mara mbili huvuka 3.84 kwa digrii moja ya uhuru, hukuambia kwamba baadhi ya nafasi zilibadilika kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Halikuambii zilibadilika kuelekea amino asidi ileile. Tawi moja linaweza kwenda H, jingine likaenda K (lisini), na yote mawili yakakupa dN/dS kubwa. Kinyume chake, badiliko moja tu la N kuwa H linaweza kuokoa maisha ya mdudu na lisionekane kabisa kwenye dN/dS ya jeni nzima. Kwa swali lako jaribu programu ya CSUBST, inayopima mikutano inayobadili amino asidi dhidi ya ile ya mabadiliko ya kimya. Ukipima jeni 10,000 kwa kiwango cha 0.05, tarajia 500 za uongo kabla hujapata hata moja ya kweli. Sahihisha kwa idadi ya vipimo.

SWALI: Tunaye mtuhumiwa, V kwenye 111 na H kwenye 122. Tufanye nini maabara ili tuwe na hakika kwamba mabadiliko haya ndiyo yanayoleta usugu? (Kikundi cha utafiti, Dar es Salaam)

JIBU: Tengenezeni matoleo manne ya pampu juu ya mfuatano mmoja wa babu au wa jamaa asiye sugu: la asili, lenye V tu, lenye H tu, na lenye vyote viwili. Ongezeni la tano kwa kwenda kinyume: pampu ya spishi sugu iliyorudishiwa Q na N. Toleo hili la tano watu huliacha, na ndilo linaloonyesha kama sehemu nyingine za protini zinachangia. Kwa vyura wa jenasi *Leptodactylus*, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba R na D kwenye 111 na 122 huleta usugu lakini hudhoofisha pampu, na mabadiliko mengine 10 ya nakala ileile ndiyo yanayorudisha nguvu.

Seli za wadudu za Sf9 zenye virusi vya bakulo zinafaa kwa sababu pampu yake ya asili ni kidogo. Wekeni kipande cha alfa pamoja na cha beta. Alfa peke yake haifiki kwenye utando, na mtadhani badiliko lenu limeua pampu. Bafa ya kawaida ina NaCl milimola 100, KCl 20, MgCl₂ 4, imidazoli 50 na ATP 2.5. Loweka utando na uabaini dakika 10 kabla ya kuongeza ATP, maana uabaini hushika polepole, kisha acha kwa nyuzi 37 dakika 20 na upime fosfati iliyotoka kwa molibdeti. Tumia viwango 6, kuanzia mola 10⁻⁸ hadi 10⁻³. Kwa pampu sugu sana ongeza 10⁻².

Kila sahani iwe na kisima kisicho na KCl chenye uabaini nyingi kabisa. Hicho hupima vimeng'enya vingine vinavyokula ATP, na thamani yake hutolewa kwenye visima vyote. Kiwango cha KCl kisibadilike kati ya matoleo: potasiamu hushindana na uabaini, na ukiiongeza, pampu yoyote huonekana sugu. Kwenye mizani soma chupa vizuri. Uabaini inayouzwa mara nyingi ni oktahidrati, yenye uzito wa 728.8 kwa moli. Ukikokotoa kwa 584.7, ambao ni uzito usio na maji, mmumunyo mliouita milimola 10 utakuwa takriban 8, na IC50 zenu zote (kiwango cha uabaini kinachopunguza kazi ya pampu hadi nusu) zitaegemea upande mmoja. Ni sumu ya moyo, kwa hiyo vaeni glovu hata mnapopima miligramu chache.

Rudieni kwa uzalishaji 3 tofauti wa protini. Visima viwili vya sahani moja vifanyiwe wastani, visihesabiwe kama marudio. Na pamoja na IC50, ripotini kasi ya pampu ikiwa haina sumu kabisa, kwa kila toleo. Toleo lenye usugu mkubwa lakini kasi ya chini litakuwa limewaonyesha kwa nini spishi nyingi zinazokula mimea hiyo hazikuipita njia hiyo.